Balbu Iliyowaka Bila Betri

Kila siku baada ya masomo, Immakulata alipita sokoni Kibondo kwenye kibanda cha mabati cha baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Alivaa gauni la kazi juu ya sare ya shule, akaketi kwenye kigoda kando ya meza, akaanza kufungua redio za wateja. Alipangusa vumbi la ndani kwa brashi, akachunguza kama kuna waya uliokatika, akazipanga upande wa zilizokuwa tayari kutazamwa na fundi. Alikuwa darasa la sita, na mikono yake haikutetemeka. Baba yake alimwachia hata chuma cha kulehemu, mradi asiguse chochote chenye umeme mkubwa.

Baba huyo aliitwa Fidele Niyonkuru. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa kijana ambaye hata ndevu hazijaota, akajifunza ufundi wa redio kwa wamisionari kule Kasulu. Baadaye akahamia Kibondo. Alioa hapo, akalima hapo, akazaa hapo. Kuanzia Busunzu mpaka Mabamba, aliyekuwa na redio alimjua Fidele. Redio zao zilipokuwa zinaimba vizuri, walimwita Fidele fundi wetu. Siku zilipoanza kukoroma zote kwa pamoja, watu wale wale wakakumbuka ghafla kwamba ni Mrundi. Ndivyo walivyo baadhi ya watu, na aibu hawana.

Ilikuwa mwaka 1996, msimu wa kupalilia maharage. Jioni, watu walipokaa barazani kusikiliza taarifa ya habari na salamu, redio zote za mjini zilipiga mluzi mkali. Ukizungusha kitufe, mluzi unakufuata. Ukitoa betri ukazirudisha, mluzi bado uko pale pale. Kisha, baada ya saa mbili hivi, unakoma wenyewe.

Kama ingekuwa salamu tu, watu wangenung'unika wakazoea. Lakini mluzi huo uliziba pia redio ya upepo, ile ya kuitana na vituo vya mbali. Wakati huo simu hazikuwepo vijijini. Zahanati ya Mabamba ilipokuwa na mgonjwa mahututi, iliita kwa redio ya upepo kwenye kituo cha afya cha misheni pale Kibondo mjini, na gari la wagonjwa likatumwa. Jioni moja Mabamba waliita mpaka sauti ikakauka. Kibondo hawakusikia ila mluzi. Mama mmoja aliyekuwa anajifungua kwa shida ikabidi abebwe kwenye ingobyi, machela ya kienyeji ambayo wanaume wa kitongoji huibeba mabegani kwa kupokezana, kila nyumba ikitoa mtu. Walitembea usiku kucha. Mama alifika hai na mtoto akapona, ila daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wamebeba maiti.

Habari hiyo iliwasha moto mjini. Kesho yake, Makarius, mwenyekiti wa kitongoji, alisimama mbele ya kibanda cha Fidele na kundi la watu nyuma yake. Hakuvua kofia wala hakusalimia.

"Fidele, watu wanasema unazungumza na wenzako ng'ambo kwa mitambo yako," alisema. "Ndiyo maana redio zetu zinalia."

"Watu gani, Mwenyekiti?"

"Watu. Kwani hapa Kibondo nani mwingine anajua mambo ya redio? Jumamosi kuna kikao. Ukishindwa kujieleza, jina lako linakwenda wilayani, wakutafutie nafasi kwenye kambi ya wakimbizi pamoja na Warundi wenzako. Wewe na familia yako."

Immakulata aliinuka kwenye kigoda. Alitaka kusema kwamba yeye amezaliwa hapa hapa, na kwamba meza yenye betri moja ya gari haiwezi kuzungumza hata na Kasulu, sembuse Burundi. Baba yake alimshika bega akamkalisha. Watu waliondoka. Miongoni mwao alikuwemo mwanamke ambaye juzi tu Fidele alimtengenezea redio bure kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa. Immakulata alimkazia macho mpaka yule mwanamke akatazama chini.

Jioni ile, wakati wa kula, Immakulata alimuuliza baba yake kwa nini alinyamaza kama mwenye hatia. Fidele akajibu kwamba mtu akishaitwa jasusi, kila neno analolisema linageuka ushahidi. Basi akaenda kulala mapema. Immakulata alibaki amevimba kwa hasira. Waliomjua baba yake miaka yote hiyo walikuwa tayari kumfungashia virago kwa sababu ya mluzi, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kwenda kutafuta mluzi huo unatoka wapi.

Yeye aliamua kuutafuta.

Katika mfuko wa zana wa baba yake mlikuwa na kifaa ambacho mtu asiyejua angekitupa jalalani. Kilikuwa kitanzi cha waya wa shaba kilichofungwa kwenye kijiti kirefu, na ncha zake mbili zilishika balbu ndogo ya tochi. Hakikuwa na betri. Fidele aliwahi kumweleza bintiye kwamba mtambo unaotoa mawimbi ya redio kwa nguvu humwaga nguvu hiyo pembeni yake, na ukikisogeza kitanzi karibu, waya unaidaka na balbu inawaka yenyewe. Pasipo na nguvu inayovuja, haiwaki. Kwa kifaa hicho fundi anajua nguvu imepotelea wapi bila kugusa kitu chenye umeme.

Kesho yake jioni Immakulata alikichukua bila kuomba, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Twalibu.

Twalibu alikuwa na duka kubwa karibu na stendi. Asili yake ilikuwa Ujiji, na ndugu zake wengine walikuwa pwani. Alikuwa na jenereta ya kuendesha friji ya soda na televisheni, na kila jioni, jenereta ile iliponguruma tu, mluzi nao ukaanza. Immakulata alikuwa ameliona hilo kwa masikio yake, kama asemavyo baba yake kwa utani, na halikumtoka kichwani. Isitoshe, Twalibu alikuwa miongoni mwa waliosimama nyuma ya Makarius siku ile. Kwa Immakulata hilo lilitosha.

Duka lilikuwa limejaa watu. Alisimama mlangoni na kijiti chake mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba anayeharibu redio za Kibondo si baba yake, ni Mzee Twalibu na mashine zake, na kwamba anayetaka ushahidi aje autazame.

Twalibu aliweka mizani chini taratibu. "Pita upime, binti," alisema.

Immakulata alipita. Alikisogeza kitanzi kwenye jenereta, kwenye friji, kwenye televisheni, kwenye waya wa antena uliopanda juu ya paa. Mluzi ulikuwa unalia kwenye redio ya mteja mmoja pale pale barazani, lakini balbu haikuonyesha hata cheche. Akarudia tena, mashine moja moja. Mtu mmoja akacheka, kisha duka zima likacheka. Twalibu peke yake hakucheka.

"Sasa watu hawa watakwenda kusimulia nini?" alimuuliza. "Kwamba balbu haikuwaka, au kwamba binti wa fundi amesema Twalibu ndiye?"

Immakulata alitoka mbio akiwa na kijiti chake, akapita nyuma ya stendi, na hapo Kuruthumu akamfikia. Kuruthumu alikuwa binti wa Twalibu, na shuleni walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

"Imma, asubuhi ulilia darasani kwa sababu Makarius alimsema baba yako mbele za watu," Kuruthumu alisema, na sauti yake ilikuwa kali. "Sasa wewe umemfanyia baba yangu nini?"

"Alikuwa na Makarius siku ile. Nilimwona."

"Alifuata kumwambia Makarius asifanye fujo sokoni. Uliuliza? Hukuuliza. Na jenereta siyo ya kwetu tu. Ya misheni nayo inawashwa saa hizi hizi, kila siku. Mbona hukwenda misheni kwanza? Nitakwambia mimi. Ni kwa sababu mitambo ya misheni anaitengeneza baba yako."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Immakulata alikuwa ameiruka misheni kichwani mwake kama mtu anayeruka dimbwi, bila hata kujiuliza kwa nini. Alipangusa uso kwa kiganja, akamwambia Kuruthumu waende misheni.

Chumba cha redio kilikuwa pembeni ya kituo cha afya. Mhudumu wake, Dada Esteri, alikuwa ameketi mbele ya vyombo viwili. Kimoja kilikuwa redio ndogo ya kuzungumzia. Cha pili kilikuwa sanduku kubwa la chuma, kuukuu, lenye valvu ndani, kifaa cha kioo kama balbu kinachokuza nguvu ya mawimbi, ambalo wao waliliita amplifaya. Kazi ya amplifaya ilikuwa kuichukua sauti dhaifu ya redio ndogo na kuitia nguvu ili ifike mpaka mpakani. Kwenye spika mluzi ulikuwa unalia. Esteri alikuwa ameinamisha kichwa akijaribu kusikia chochote nyuma yake. Aliwaambia kwamba kelele za mjini zinamtia wazimu, na kwamba ameshawaeleza wakubwa zake mara nyingi kuwa kuna mtu huko nje anawachezea.

Immakulata alimwomba azime redio ndogo, aiache amplifaya peke yake. Esteri alishangaa lakini akaizima. Hapo amplifaya haikuwa na sauti yoyote ya kukuza. Ilipaswa kukaa kimya. Kisha akamwomba akishike kijiti yeye, kwa kuwa ni mtu mzima, akisogeze karibu na mahali waya wa antena unapotoka kwenye sanduku, asiguse chuma.

Balbu iliwaka. Haikuwaka kwa kusitasita. Iliwaka nyeupe kama imetiwa betri mpya.

Wote watatu waliitazama. Esteri alirudisha mkono nyuma, balbu ikafifia. Akausogeza, ikawaka tena. "Na mimi nilikuwa nawalaumu watu wa mjini," alisema.

"Ilianza lini, Dada?" Immakulata aliuliza, ingawa alishaanza kujua.

Esteri alifikiri. Alisema valvu ya zamani ilikufa, Fidele akaja kuweka mpya, na tangu hapo ndipo kelele zikaanza.

Immakulata aliikumbuka siku hiyo vizuri mno. Yeye ndiye aliyebeba mfuko wa zana. Ukivuta valvu moja ukaweka nyingine, kazi haijaisha, kwa sababu ndani ya kila valvu kuna nguvu kidogo inayovuja kutoka upande wa kutokea na kurudi upande wa kuingilia. Ikirudi, inakuzwa tena, inavuja tena, inakuzwa tena, mpaka sanduku linapiga kelele lenyewe bila kuambiwa kitu. Dawa yake ni kapasita ndogo iliyo pembeni, inayopeleka nguvu nyingine ya kinyume ili zile mbili zifutane. Fundi huizungusha polepole mpaka amplifaya itulie. Na kwa kuwa hakuna valvu mbili zinazovuja sawasawa, kila inapobadilishwa, lazima izungushwe upya. Siku ile lori la Mabamba lilikuwa linapiga honi barabarani, na kesho yake kulikuwa na mnada kule. Fidele aliijaribu redio mara moja, ikasikika, akasema itatulia tu, akafunga sanduku. Kile kitanzi hakikutoka mfukoni.

"Utasema?" Kuruthumu aliuliza walipokuwa njiani kurudi.

Immakulata alipima pande zote mbili. Akisema, anampa Makarius kile alichokuwa anakitafuta. Akinyamaza, mama mwingine wa Mabamba ataita na hatasikika. Hasira yake ya jana ilikuwa na mtu wa kumwendea. Hii ya leo haikujua ikae wapi, kwani aliyestahili kukasirikiwa alikuwa ni baba yake mwenyewe.

Alimweleza baba yake usiku huo huo, mlangoni, kabla hajavua viatu. Alimweleza na la Twalibu pia. Fidele alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaghadhibika kama bintiye hajawahi kumwona. Alimuuliza nani alimtuma, na kama anajua anachokifanya, kwamba anawapa watu kamba ya kuwafunga wote nyumba nzima. Immakulata hakurudi nyuma.

"Uliniambia hatuondoki kwenye mtambo kabla hatujaupima, Baba," alisema. "Siku ile tuliondoka."

Fidele alitoka akakaa uani muda mrefu. Aliporudi, hasira ilikuwa imemwisha na uso wake umechoka. "Mama yule alibebwa kwenye ingobyi kwa sababu yangu, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa Kirundi. "Siwezi kulala na hilo."

Alfajiri alikwenda kwa Makarius na kumwomba kikao cha Jumamosi kifanyike misheni, mbele ya chumba cha redio. Makarius alikubali upesi, akidhani samaki amejileta wavuni mwenyewe. Watu walikuja wengi. Wabebaji wa ingobyi nao walikuja kutoka Mabamba, wakiongozwa na Mzee Nkunzimana, mtu mfupi mwenye mabega mapana. Jenereta ikawashwa mchana ule kwa ajili ya kazi hiyo. Mluzi ukaanza kwenye redio zilizoletwa, na minong'ono ikaanza nayo.

Fidele hakuzunguka. Aliwaambia kwamba kelele zinatoka humo ndani, kwamba valvu aliiweka yeye, na kwamba aliondoka bila kuituliza amplifaya kwa sababu alikuwa na haraka ya mnada. Kisha akaanza kazi. Aliukata umeme mkubwa unaoilisha valvu, akawasha redio ndogo peke yake. Alieleza kwamba sasa valvu haifanyi kazi, kwa hiyo nguvu yoyote itakayofika upande wa kutokea imevuja tu. Alimpa Immakulata kitanzi na kumwonyesha mahali salama pa kukishikilia kwa kile kijiti kirefu. Balbu iliwaka nyekundu. Fidele akaingiza kipande cha mti kilichochongwa kama bisibisi, kwa sababu chuma kingevuruga kipimo, akaanza kuizungusha ile kapasita ndogo. Balbu ilififia. Akazungusha kidogo, ikafifia zaidi. Akapita mno, ikawaka tena, naye akarudi nyuma taratibu mpaka ikazimika kabisa.

"Imezimika, Baba," Immakulata alisema.

Alirudisha umeme mkubwa. Redio za barazani zilibaki zinaimba, hazikulia. Na kwenye spika ya Esteri ikaingia sauti ya mhudumu wa Mabamba, safi, ikiuliza kama kuna mtu Kibondo anayewasikia. Esteri alidaka kipaza sauti akajibu.

Makarius alijitokeza mbele akiwa amenyoosha kidole. "Mmesikia wenyewe. Kumbe ni yeye."

"Ni mimi," Fidele alisema. Hakupaza sauti, ila kila mtu alimsikia. "Nilifanya uzembe, Mwenyekiti, na kwa uzembe huo nitajibu. Lakini wewe hukuniita mzembe. Uliniita jasusi, ukataka kumhamisha mke wangu na watoto wangu. Hilo si langu. Hilo utajibu wewe."

Makarius alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Mzee Nkunzimana ndiye aliyesimama, na alianza na fundi. Alimwambia kwamba uzembe wake umewachubua mabega, na kwamba safari yoyote ya ingobyi itakayopita Kibondo msimu huu, Fidele ataingia chini ya miti ya machela na kubeba kama wao. Fidele akakubali pale pale. Kisha mzee akamgeukia mwenyekiti.

"Sisi tulipokuwa tunambeba mama wa watu gizani, hatukuulizana nani Muha wa hapa na nani Mrundi. Tuliulizana zamu ya nani. Wewe uliyekaa hapa umeshiba, ndiyo umepata nafasi ya kuuliza. Maneno yale uliyasema sokoni. Kayafute sokoni."

Watu waliitikia, hata wale waliosimama nyuma ya Makarius siku ya kwanza, ambao walistahili kuona haya kuliko wote. Mwenyekiti alikwenda sokoni jioni ile ile. Alisema kwa kifupi na kwa uso uliokunjamana, lakini alisema, na safari hii kofia ilikuwa mkononi.

Immakulata naye hakungoja kuambiwa. Alikwenda dukani kwa Twalibu saa ile ile ya watu wengi, akasimama mlangoni pale pale, akasema kwa sauti ile ile kwamba alimzulia Mzee Twalibu uongo na kwamba anaomba radhi. Kuruthumu alikuwa nyuma ya kaunta akipima sukari. Aliacha kupima.

Twalibu alimwita ndani, akamkalisha kwenye gunia la chumvi.

"Hasira yako ilikuwa ya haki, binti yangu," alimwambia. "Baba yako alionewa, na mtoto asiyekasirika baba yake akionewa ana kasoro. Lakini hasira haina macho. Inataka mtu tu, yeyote aliye karibu, na mara nyingi inamkuta asiyehusika. Makarius ilimfikisha kwa baba yako. Wewe ikakufikisha kwangu. Tofauti yenu ni kwamba wewe ulipoikuta kweli nyumbani kwenu, hukuifunika. Kasirika, sikukatazi. Ila pima kwanza kabla hujataja jina la mtu, na ukianza kupima, anzia kwenu."